Usajili si Mnada wa Majina

Kila mwaka Ligi Kuu ya kandanda inapofikia tamati, na kabla nyasi za viwanjani hazijapata kupumua, huanza ligi nyingine isiyo na mwamuzi wala filimbi. Hiyo ni ligi ya usajili. Huchezwa vijiweni, kwenye vibanda vya kahawa, ndani ya daladala na hata katika vyumba vya walimu saa za mapumziko. Katika ligi hiyo kila mwananchi ni kocha na kila mwananchi ni katibu wa klabu, na hakuna asiye na orodha yake ya wachezaji wa kuachwa na wa kuletwa.

Kata ya Chang'ombe katika Jiji la Dodoma haiko nyuma katika ligi hiyo. Ipo Chang'ombe nyingine, ile ya Dar es Salaam, jirani na Uwanja wa Uhuru na Uwanja wa Benjamin Mkapa, ambako mpenzi wa soka anaweza kusikia shangwe za bao bila ya kutoka nyumbani kwake. Mpenzi wa soka wa Chang'ombe ya Dodoma hana bahati hiyo. Yeye anao Uwanja wa Jamhuri, na anayo timu ya Dodoma Jiji, mali ya Halmashauri ya Jiji, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21. Hata hivyo, moyo wake mara nyingi umegawanyika. Mdomoni ni mwana Dodoma, lakini chini ya shati lake ipo jezi nyekundu au ya kijani na njano. Simba au Yanga inapofika Jamhuri, wenyeji huonekana kama wageni ndani ya nyumba yao.

Mawazo ya mpenzi huyu juu ya usajili si ya kudharauliwa. Ndiye anayelipa kiingilio na kununua jezi. Na kwa kuwa timu ya jiji lake ni mali ya halmashauri, ni haki yake kuuliza fedha zake zinatumikaje. Anapolinganisha wachezaji wawili na kuamua ni nani asajiliwe, anafanya kazi ileile ambayo afisa utumishi huifanya anapochagua mtumishi mpya, na ambayo mwalimu huifanya anapopanga darasa. Tofauti ni kwamba afisa na mwalimu wanavyo vipimo. Swali la kujiuliza ni kama mpenzi wa soka naye anavyo.

Yako mawazo matatu ambayo hayakosekani katika mazungumzo ya Chang'ombe, na pengine katika kila kijiwe cha nchi hii. La kwanza ni kwamba timu huimarika kwa kuleta majina makubwa. La pili ni kwamba mchezaji bora ni yule mwenye mabao mengi. La tatu ni kwamba mchezaji anayeihama klabu ni msaliti. Mawazo haya yote matatu yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanadumu. Lakini yakiachwa bila ya kuchujwa yanaweza kuifilisi klabu.

Pembe na maziwa

Mkoa wa Dodoma ni mkoa wa wafugaji. Mtu aliyezoea mnada wa Msalato anajua kwamba ng'ombe hanunuliwi kwa urefu wa pembe. Mnunuzi mwenye busara humtazama meno apate kujua umri wake, humwendesha hatua chache aone kama anachechemea, na huuliza ametoka malisho gani. Kisha hujiuliza jambo lililo kubwa kuliko yote hayo: anamtaka ng'ombe huyu kwa kazi gani? Wa maziwa si wa kulima, na wa kulima si wa kuchinjwa.

Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akifika katika habari za soka, husahau busara yote ya mnadani. Husikia kwamba mchezaji fulani aliwahi kuvaa jezi ya klabu kubwa ya Dar es Salaam, au kwamba ametoka nchi ya mbali, na papo hapo hudai asajiliwe. Haulizi mchezaji huyo ana umri gani. Haulizi amecheza michezo mingapi katika msimu uliopita, wala aliachwa kwa sababu gani. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchezaji anayezungushwa kutoka klabu hadi klabu kila dirisha linapofunguliwa huenda akawa mzuri, lakini hapana budi pawe na mtu wa kuuliza kwa nini hakai.

Tamaa ya majina imepata nguvu zaidi kadiri milango ya wachezaji wa kigeni ilivyopanuliwa. Idadi ya wageni walioruhusiwa kusajiliwa na klabu moja ya Ligi Kuu ilipanda kutoka 5 hadi 7, kisha 10, na hatimaye 12. Si haki kuwabeza wageni hao. Wapo walioinua kiwango cha soka ya Tanzania na kuzisaidia klabu zake kufika mbali katika Afrika. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na Simba ikafika fainali ya kombe hilohilo mwaka 2025. Lakini klabu hizo mbili zina mapato na wafadhili ambao klabu ya mkoani haina. Klabu ya mkoani inayoiga usajili wa Simba na Yanga ni sawa na mtumishi wa ngazi ya chini anayetaka kujenga nyumba kwa ramani ya nyumba ya mkurugenzi. Msingi utachimbwa, lakini paa halitafika.

Tena hata klabu hizo kubwa, zilipopata kheri kubwa, mara nyingi hazikuipata kwa jina. Dickson Job alitoka Mtibwa Sugar kwenda Yanga katika dirisha dogo la Januari 2021. Mwaka mmoja baadaye Ibrahim Hamad, maarufu kwa jina la Bacca, alitoka KMKM ya Zanzibar kwenda klabu hiyohiyo. Usajili wao haukuvunja vijiwe. Leo hakuna anayezungumzia mabeki wa kati wa Tanzania bila ya kuwataja wawili hao. Mwaka 2016 Simba nayo iliwachukua Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim kwa pamoja kutoka Mtibwa. Walioviona vipaji hivyo hawakutazama pembe.

Kipimo cha haki

Wazo la pili linahusu kulinganisha wachezaji. Mpenzi wa Chang'ombe hupenda hesabu fupi: nani ana mabao mengi? Msimu wa 2021/22 ni darasa zuri kwa mtu wa hesabu hiyo. George Mpole, Mtanzania aliyekuwa Geita Gold, alifunga mabao 17 akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu. Fiston Mayele, Mkongo wa Yanga, alifunga 16. Kijiweni swali limekwisha: 17 ni zaidi ya 16.

Lakini tarakimu, kama shahidi mahakamani, haina budi kuhojiwa. Mpole alikuwa katika timu iliyoingia Ligi Kuu msimu uleule. Mayele alikuwa akilishwa mipira na kikosi kilichotwaa ubingwa bila ya kupoteza mchezo hata mmoja. Kwa kipimo hicho, mabao ya Mpole yalikuwa na jasho jingi zaidi. Msimu uliofuata, Mayele alifunga mabao 17 ya ligi, akalingana na Saidi Ntibazonkiza wa Simba, na juu ya hayo akawa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho la Afrika kwa mabao 7. Kisha akanunuliwa na Pyramids ya Misri. Kwa kipimo hiki cha pili, Mayele alionyesha kwamba ubora wake haukomei katika mipaka ya nchi moja.

Basi nani bora? Swali hilo halina jibu mpaka liulizwe kikamilifu: bora kwa timu ipi, katika mfumo gani, na kwa gharama kiasi gani? Klabu inayotawala mchezo inahitaji mshambuliaji wa kumalizia ndani ya eneo la hatari lililojaa mabeki. Klabu inayojihami kwa dakika 70 inahitaji mshambuliaji wa kukimbia peke yake na mpira mmoja mrefu. Mchezaji aliye dhahabu kwa wa kwanza anaweza kuwa mzigo kwa wa pili.

Kosa jingine ni kulinganisha watu wasio wa nafasi moja. Msimu wa 2023/24 waliogombea ufungaji bora walikuwa viungo wawili, Stephane Aziz Ki wa Yanga aliyefunga mabao 21, na Feisal Salum wa Azam aliyefunga 19. Huo ulikuwa ulinganifu wa haki, kwa kuwa wote wawili walikuwa viungo wa kushambulia, katika msimu mmoja na ligi moja. Lakini ukimchukua kiungo wa kukaba, ambaye kazi yake ni kuzima moto kabla haujawaka, ukamlaumu kwamba hana mabao, huo si ulinganifu. Ni sawa na kumpima mlinzi wa shule kwa idadi ya wanafunzi waliofaulu hisabati.

Zaidi ya hayo upo ubishi wa vizazi, ambao wazee na vijana wa Chang'ombe hawaumalizi. Wazee huikumbuka Taifa Stars iliyokwenda Lagos mwaka 1980, baada ya bao la Peter Tino dhidi ya Zambia mjini Ndola mwaka 1979. Vijana hujibu kwa jina la Mbwana Samatta na timu iliyokwenda Misri mwaka 2019. Kila upande una hoja, lakini vigezo vyao havifanani. Fainali za 1980 zilikuwa na timu 8 tu za Afrika nzima. Zile za 2019 zilikuwa na timu 24. Kufika Lagos kulikuwa kupenya tundu la sindano. Na huko Lagos timu hiyo ilipata pointi moja, kwa sare ya bao 1-1 na Ivory Coast, wakati ile ya 2019 ilipoteza michezo yake yote mitatu. Kwa upande wa pili, hakuna hata mmoja wa kizazi cha 1980 aliyefunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza, kama Samatta alivyofanya akiwa na Aston Villa mwezi Februari 2020. Milango haikuwa wazi kiasi hicho. Anayelinganisha vizazi hana budi kuilinganisha na milango pia.

Mkataba si ndoa

Wazo la tatu ni lile la usaliti. Mchezaji anapohama, mpenzi huona kama ameachwa yeye binafsi. Jezi huchomwa na jina lake hutukanwa. Sakata la Feisal Salum linafaa kukumbukwa hapa. Mwishoni mwa mwaka 2022 alitaka kuondoka Yanga kabla ya mkataba wake kwisha. Shauri likafika katika vyombo vya Shirikisho la Mpira wa Miguu, na uamuzi ukawa kwamba bado alikuwa mchezaji wa Yanga. Taifa zima lilijadili kwa miezi kadhaa, mpaka katikati ya mwaka 2023 pande zote zilipomalizana naye akaenda Azam.

Wengi walilijadili shauri lile kwa mapenzi ya klabu. Wachache walilijadili kwa mkataba. Mtumishi wa umma anajua kwamba ajira ina barua, barua ina masharti, na masharti yana njia za kutokea. Ndivyo ulivyo mkataba wa mchezaji. Mwenye kosa katika kuhama ni yule anayekiuka alichotia saini, awe mchezaji au awe kiongozi wa klabu. Anayehama kwa utaratibu hajamsaliti mtu. Klabu inayolia kila mchezaji wake anapoondoka, nayo haikuandika kitu cha maana katika mkataba wake, ijilaumu yenyewe.

Safari ya Samatta inaonyesha faida ya kuhama kwa hatua. Alitoka African Lyon kwenda Simba mwaka 2010, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akatwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo alipokwenda Genk ya Ubelgiji, akawa bingwa wa nchi hiyo msimu wa 2018/19, na kutoka huko akaenda Uingereza. Hakuruka ngazi hata moja. Kama mapenzi ya klabu yangalimfunga mahali pamoja, taifa lingalipoteza nahodha.

Somo la klabu za mikoani

Mawazo hayo matatu yangekuwa burudani tu kama yasingegusa maisha ya klabu za mikoani. Lakini yanazigusa, tena kwa ukali. Tangu Mtibwa Sugar ya Morogoro ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000, kombe hilo halikutoka tena Dar es Salaam hadi msimu wa 2024/25 ulipomalizika. Simba, Yanga na Azam ndizo zilizoligawana. Haikuwa hivyo daima. Mseto ya Morogoro ililipata mwaka 1975, Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986, na Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Kila moja ilionyesha kwamba vipaji vya nchi hii havikuzaliwa Kariakoo na Jangwani peke yake.

Kilichozikuta baadhi ya klabu hizo ndicho cha kutafakari. Tukuyu Stars haikurudia tena ubingwa wake. Vipaji vyake vilivunwa, na Sekilojo Chambua, aliyepitia hapo, akawa nguzo ya Yanga kwa miaka mingi. Karibu miongo minne baadaye hadithi inayofanana nayo ikaandikwa Geita. Geita Gold, kwa mabao ya Mpole, ilimaliza ya nne katika msimu wake wa kwanza na kupata nafasi ya kucheza michuano ya Afrika. Mpole akaenda kucheza Kongo. Msimu wa 2023/24 Geita Gold ilishuka daraja, pamoja na Mtibwa Sugar yenyewe. Si haki kusema kwamba kuondoka kwa mtu mmoja ndiko kulikoiangusha timu nzima, kwani klabu huanguka kwa sababu nyingi. Lakini ni haki kuuliza: klabu za mikoani zinapowatoa wachezaji wao, hubaki na nini mkononi?

Dodoma inayo kumbukumbu yake. Wazee wa mji huo hawajazisahau CDA na Waziri Mkuu, timu zilizobeba majina ya ofisi. Ofisi zilipobadilika, na CDA yenyewe ilipovunjwa mwaka 2017, majina hayo yakabaki katika masimulizi. Timu inayotegemea ukarimu wa ofisi peke yake huishi kwa kadiri ya ukarimu huo. Dodoma Jiji haifai kuifuata njia hiyo. Jiji lenye wakazi zaidi ya 700,000 kwa Sensa ya 2022, na lililopokea maelfu ya watumishi tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, linao watu wa kutosha kuiweka timu yake juu ya msingi wa kudumu. Msingi huo ni kulea.

Faida ya faili

Hapa ndipo walimu na watumishi wa umma wanapoingia, nao hawaingii kama watazamaji. Kanuni za FIFA zinaeleza kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi ule aliotimiza 23. Kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, klabu hupata asilimia 0.25, kwa kila mwaka kati ya 16 na 23, hupata asilimia 0.5. Tangu mwaka 2022 FIFA inacho chombo maalumu cha kukusanya na kugawa fedha hizo.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba kijana wa Chang'ombe amelelewa na klabu ya jiji lake kwa miaka minne, tangu umri wa 16 hadi 19. Siku atakapouzwa nje kwa shilingi bilioni 1, hata kama wakati huo ni mchezaji wa klabu nyingine kabisa, klabu iliyomlea inastahili asilimia 2, yaani shilingi milioni 20. Na kama klabu hiyo, ilipomuuza Dar es Salaam, iliandika katika mkataba kwamba itapata asilimia 10 ya mauzo yake yajayo, inaongeza shilingi milioni 100. Fedha hizo zinaweza kulea vijana wengine wengi. Na zinaweza kuja tena na tena, kwani kila anapouzwa nje ya nchi anakokuwa, mgawo wa malezi hurudi.

Lakini haki hiyo haipatikani kwa nyimbo wala kwa maandamano. Inapatikana kwa kumbukumbu. Mtoto ambaye hakusajiliwa rasmi, ambaye cheti chake cha kuzaliwa hakipo, au ambaye umri wake unasomeka hivi shuleni na vingine kwenye shirikisho, ni mali isiyo na hati. Udanganyifu wa umri, ambao baadhi ya watu huuona kuwa ujanja, ni wizi unaomrudia mwenyewe. Unamnyima mtoto wa kweli nafasi yake, na unaiacha klabu bila ya dai linaloweza kusimama.

Nani anazijua kumbukumbu hizo kuliko mwalimu? Yeye ndiye mwenye daftari la mahudhurio, na ndiye anayewaona vijana wa UMITASHUMTA na UMISSETA kabla ya wakala yeyote hajawaona. Na kwa Dodoma upo wepesi mmoja ambao klabu nyingi hazina: halmashauri yenye klabu ndiyo hiyohiyo yenye shule za msingi na za sekondari za Serikali. Mwenye shamba na mwenye ghala ni mtu mmoja. Yafaa basi njia ya kutoka shambani hadi ghalani iwe fupi na iliyonyooka. Kijana aliyeng'ara katika mashindano ya shule aandikwe, apimwe, asajiliwe katika timu ya vijana, na aendelee na masomo yake, kwa kuwa wengi wa wanaoanza safari hii hawafiki Ligi Kuu, na elimu ndiyo akiba yao.

Leo na kesho

Mpenzi wa Chang'ombe atakuwa na jibu lake, nalo ni jibu zito. Atasema: ligi haisubiri watoto wakue, timu ikishuka daraja mwaka huu, hao vijana watachezea wapi? Hoja hiyo haikataliki. Timu ya vijana watupu ni kama jahazi lenye mabaharia hodari lisilo na nahodha. Klabu ya mkoani inahitaji wazoefu wachache, hasa golini, katika ulinzi wa kati na katika kiungo. Lakini wawe wachache waliochaguliwa kwa nafasi iliyo wazi, wenye afya iliyothibitishwa na daktari, na mikataba inayolipika. Klabu inayosajili watu wapya 12 kila mwaka na kuwaacha wote mwaka unaofuata haijengi timu. Inapangisha chumba.

Inafaa pia ieleweke kwamba kusajili ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kubakiza. Mara ngapi mchezaji mzuri ameondoka bure, kwa kuwa hakuna aliyeutazama mkataba wake mpaka ulipokwisha? Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla klabu haijaliwazia jina lililo mbali, ihakikishe kwamba vijana wake walio bora wana mikataba isiyokaribia ukingoni, na kwamba mishahara yao inalipwa kwa wakati.

Wakati umefika kwa wapenzi wa soka wa Dodoma, na wa mikoa yote, kubadili maswali wanayowauliza viongozi wao kila dirisha la usajili linapofunguliwa. Badala ya kuuliza "Mnamleta nani?" waulize ni nafasi gani iliyo wazi na imejulikanaje. Waulize ni vijana wangapi wa mji huo wamepandishwa, na faili zao ziko wapi. Waulize kila anayeuzwa ameandikiwa asilimia ngapi ya mauzo yajayo. Kiongozi anayeweza kujibu maswali hayo apewe muda, hata kama hana jina kubwa la kutangaza. Asiyeweza kuyajibu asipewe shilingi ya umma ya kwenda nayo mnadani.